Mama Anayesimama Ukingoni

Siku ya matokeo ya egzame ya Leta hatuhitaji kuelezwa na mtu. Tangu asubuhi telefoni haitulii. Jibu likiwa zuri, poda inamwagwa kichwani, masahani yanapigwa, na watoto wanakimbia kwenye avenyu wakiwa weupe kama waliotoka kwenye gunia la unga. Kutoka Kasapa mpaka Kalebuka, kutoka Luwowoshi mpaka Kasungami, unajua nyumba iliyopata diploma bila kuuliza. Unajua pia nyumba iliyonyamaza.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nyumba iliyonyamaza. Ila nitapitia mbali kidogo, baharini, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujauona hata kwenye televisheni. Nimeuchagua kwa sababu jambo linalowapata watoto wetu kila mwaka ndani ya nyumba, kimya kimya, lilimpata binti mmoja wa mchezo huo mbele ya dunia nzima. Na binti huyo mama yake aliwahi kupita njia hiyohiyo kabla yake.

Ubao unaoruka

Tuanze na mchezo wenyewe, maana ukisikia jina tu hutaelewa. Fikiria mlango wa nyumba uliolazwa juu ya maji: urefu wake mita 2 na kidogo, upana karibu mita 1. Juu yake kumesimamishwa tanga. Tanga walilotumia wanawake kwenye Olimpiki iliyopita lina ukubwa wa mita za mraba 8, yaani kama sakafu ya chumba kidogo cha kulala. Mwanamke anasimama juu ya ubao, anashika mti wa tanga kwa mikono miwili, anajifunga mkanda kiunoni ili uzito wa mwili usaidie mikono, kisha upepo unamsukuma. Huo ndio ubao wa tanga, na watu wanaucheza tangu zamani.

Kipya ni kile kilichofungwa chini. Katikati ya tumbo la ubao unashuka mguu mwembamba wenye urefu usiofika mita 1, na mwishoni mwa mguu huo kuna mabawa mawili, moja kubwa mbele na moja dogo nyuma, mfano wa ndege. Kifaa hicho kinaitwa foili. Ubao ukianza kwenda mbio, maji yanalisukuma bawa kwenda juu, sawasawa na hewa inavyoinua bawa la ndege inapoondoka pale Luano. Ubao wote unatoka kwenye maji. Kinachobaki ndani ni foili peke yake. Maji hayana tena tumbo la ubao la kukamata, kwa hiyo mbio inaongezeka, inapita kilomita 40 kwa saa. Hiyo ni mbio ya taxi-bus kwenye barabara iliyo wazi, lakini huyu amesimama juu ya ubao bila kiti wala kioo. Akianguka, maji yanampokea kama ukuta. Ndiyo sababu wanavaa kofia ngumu na koti la kulinda kifua.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1906 fundi mmoja wa Italia, Enrico Forlanini, alijaribu mashua yenye mabawa ya namna hiyo kwenye ziwa la kwao. Kwenye Michezo ya Olimpiki, ubao wa tanga uliingia Los Angeles mwaka 1984. Wanawake walisubiri mpaka Barcelona, mwaka 1992, ndipo wakapewa shindano lao wenyewe. Ubao wenye foili ulicheza Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Michezo ilikuwa ya Paris, lakini Paris haina bahari, kwa hiyo mashindano ya tanga yalifanyika Marseille, kusini mwa Ufaransa.

Kuna sheria moja ya mchezo huu ninayotaka muishike vizuri. Wachezaji wote wanatumia vyombo vya aina moja, ili mwenye pesa nyingi asinunue ushindi kwa ubao wa pekee. Na mbio zikianza, hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kumsaidia mchezaji. Mwalimu wake hawezi kumpigia kelele za kumwelekeza. Mzazi hawezi kumwambia pita kulia, pita kushoto. Wote wanabaki pembeni, wanatazama tanga moja dogo kwa mbali. Wasichomfundisha kabla, hawana nafasi ya kumfundisha sasa.

Mnaona ninakoelekea. Nani kati yetu hajasimama nje ya mlango wa santa ya egzame, akitazama ukuta?

Binti aliyeongoza wiki nzima

Binti ninayemsema ni Emma Wilson wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1999. Mama yake, Penny Way, alikuwa bingwa wa dunia wa ubao wa tanga. Alikuwa kati ya wanawake wa kwanza kabisa kucheza shindano lao la Olimpiki pale Barcelona mwaka 1992, akarudi tena Atlanta mwaka 1996. Mara zote mbili alirudi nyumbani bila medali.

Miaka ikapita, binti akaingia kwenye maji yaleyale. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021 kwa sababu ya Korona, Emma alipata medali ya shaba akiwa na miaka 22. Kisha ubao wa zamani ukaondolewa, ukaja huu wa foili, na Emma akaufahamu kuliko karibu wote.

Marseille, mwaka 2024, alikuwa wa pekee. Kwenye mchezo huu pointi zinahesabiwa kinyume na tulivyozoea: wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na mwenye pointi chache ndiye anayeongoza. Wanawake walishindana mbio 14 kwa siku kadhaa. Nyingine zilikuwa fupi za kukata kona, nyingine ndefu za kuchosha mikono na mapaja. Kati ya hizo 14, Emma alishinda 8. Aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa pointi karibu 30. Kwa hesabu yetu ya shule, ni mtoto aliyekuwa wa kwanza kila muhula, na wa pili wake haonekani.

Lakini sheria ilisema hivi. Siku ya mwisho, kumi bora wanabaki. Aliyeongoza wiki nzima anapelekwa moja kwa moja kwenye fainali. Hiyo ndiyo zawadi yake. Wengine wanachujana mpaka wanabaki wawili wa kukutana naye. Halafu pointi zote za wiki zinafutwa. Wanawake watatu, mbio moja, dakika chache tu: atakayefika wa kwanza anachukua dhahabu.

Tarehe 3 Agosti 2024, Marta Maggetti wa Italia alifika wa kwanza. Sharon Kantor wa Israeli akawa wa pili. Emma akawa wa tatu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mapema mwaka uleule, kwenye ubingwa wa dunia, aliongoza kwa pointi karibu 60, na siku ya mwisho dhahabu ikamponyoka vilevile. Baada ya Marseille aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui mtu anaweza kurudi mara ngapi baada ya pigo kama hilo, na kwamba anadhani amemalizana na mchezo huo. Alikuwa na medali ya Olimpiki shingoni, ya pili katika maisha yake, na alizungumza kama mtu aliyefiwa.

Tuwe wa haki. Maggetti hakuiba kitu. Sheria ilijulikana na wote kabla ya kuingia majini, na yeye siku hiyo alicheza vizuri kuwapita wote. Wanaoitetea sheria hiyo wanasema mtazamaji anataka kuona wa kwanza akipita mstari na kujua palepale kwamba huyu ndiye bingwa, bila kupiga hesabu. Wanaoilaumu wanauliza kazi ya wiki nzima imekwenda wapi. Mimi sina uwezo wa kukata kesi hiyo. Ninajua tu kwamba nilipoisoma habari hii niliweka kisu cha sombe chini, nikakaa.

Nilichosema siku ile

Nilikaa kwa sababu ya binti yangu.

Alisoma miaka sita ya sekondari bila kurudia hata mwaka mmoja. Nilikuwa nauza mikate asubuhi na makala jioni ili minervali isichelewe. Mwaka wa mwisho alikuwa wa pili darasani. Kwenye kikundi cha likelemba nilikuwa nimeshasema kwa kinywa changu kwamba zamu yangu ya mwezi wa matokeo itanunua kitambaa cha sherehe. Siku ya pili ya sesheni aliamka na homa. Alikwenda hivyohivyo. Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwamo.

Nyumba ya jirani ilikuwa inapiga masahani. Mimi nikamwambia binti yangu: "Mwenzako wa avenyu moja amepata. Wewe miaka yote hii ulikuwa unafanya nini?"

Hakulia. Alinitazama akasema: "Mama, nilikuwa wa pili." Kisha akaingia chumbani. Siku mbili hakula.

Mabultini yake yote yalikuwa kwenye kabati, kwenye mfuko wa plastiki, mahali nilipoyaweka mwenyewe. Miaka sita ya kazi niliyoitazama kwa macho yangu, muhula kwa muhula, nikaifuta kwa sentensi moja kwa sababu ya siku nne. Sheria ya Leta ilikuwa na haki ya kumhukumu kwa siku nne, maana Leta haimjui. Mimi ninamjua. Sikuwa na haki hiyo.

Hapo ndipo ninapowaona mama wawili tofauti kwenye ukingo mmoja. Mama wa kwanza anatazama mstari wa mwisho tu. Mama wa pili ametazama wiki nzima, na mtoto akitoka majini, mama huyo ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia yaliyofutwa kwenye ubao wa pointi. Penny Way alirudi kutoka Olimpiki mbili bila kitu shingoni. Sijaketi mezani kwake, siwezi kusema alimwambia nini binti yake. Lakini najua kwamba Emma alikuwa na mama anayejua, kwa mwili wake mwenyewe, kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa dunia na bado siku moja ikamkataa.

Na Emma, baada ya kupumzika, alirudi kwenye ubao.

Mama aliyerudi majini

Kuna mwanamke mwingine wa mchezo huu ambaye sitaki tumwache, maana wengi wetu tunasema kwamba ukishazaa, mambo yako yamekwisha, sasa ni ya watoto.

Pale Tokyo, Emma alipopanda jukwaani na shaba yake, medali ya dhahabu ilikuwa shingoni mwa Lu Yunxiu wa China. Medali ya fedha alikuwa nayo Charline Picon wa Ufaransa. Charline ndiye aliyechukua dhahabu ya Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata, 2017, alijifungua binti. Watu wengi wangesema ameshapata dhahabu, ameshapata mtoto, akae. Yeye akarudi kwenye ubao wa tanga, mchezo unaokula misuli ya tumbo na mgongo, sehemu zilezile ambazo mimba inazilegeza. Wamama mnajua. Mwaka 2021 akasimama tena kwenye jukwaa la Olimpiki, mtoto wake akiwa na miaka 4. Kwa sababu ya Korona watazamaji wa nchi za nje hawakuruhusiwa kuingia Japani, kwa hiyo safari hii mtoto ndiye aliyesimama ukingoni, upande wa pili wa dunia.

Kisha ukaja ubao wa foili. Ubao huu unapenda mwili mzito kidogo, wenye uwezo wa kushikilia tanga lisimtupe. Charline ni mwembamba. Mlango alioujua miaka mingi ukawa umefungwa, na si kwa kosa lake. Hakubaki mlangoni akilia. Alihamia mashua ya watu wawili, pamoja na mwanamke mwingine, Sarah Steyaert, ambaye naye ni mama. Wamama wawili kwenye mashua moja nyembamba yenye kasi. Marseille, mwaka 2024, wiki ileile ya machozi ya Emma, wakachukua medali ya shaba. Charline alikuwa na miaka 39.

Najua mtasema: hao ni wazungu, wana serikali inayowalipa. Ni kweli, wana waalimu, wana waganga wa kunyoosha misuli, wana mishahara. Lakini mtoto wa miaka 4 haachwi peke yake nyumbani, hata Ufaransa. Mama anayetoka kwenda kufanya mazoezi ameachia mtoto mkononi mwa mtu. Kila mwanamke unayemwona ameinuka, geuka utazame ukingoni, utaona aliyembebea mtoto. Kikundi chetu kinaweza kuwa mikono hiyo kwa mama kijana anayetaka kumaliza masomo yake pale Kasapa.

Na maji yetu?

Mama mmoja aliyesoma barua hii kabla ya kuchapishwa aliniuliza: mabinti wetu wanaweza kucheza mchezo huo? Nijibu bila kupamba. Ubao wa foili na tanga lake unagharimu maelfu ya euro. Sioni wa kwanza wa Annexe akitoka kesho.

Lakini maji tunayo. Jimbo letu lina Moero kule Pweto na Kilwa. Majirani zetu wana Tanganyika pale Kalemie na Moba. Na hapa karibu tuna Kipopo, mahali tunapopeleka watoto sikukuu wakachezee ukingoni. Wengi wetu maji hayo tunayajua kwa hofu tu. Tunamwambia mtoto usikaribie, na hapo somo letu linaishia. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli iliyoitwa Merdi ilipinduka kwenye ziwa Kivu ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka nchi kavu. Watu wengi walikufa. Familia zilikuwa zimesimama ukingoni kweli, si kwa mfano.

Kabla ya kushika tanga kuna kuogelea, na huo ndio mlango ambao hata sisi tunaweza kuufungua. Kule Zanzibar, kijiji cha Nungwi, wasichana walikuwa wanakulia pembeni ya bahari bila kujua kuogelea, kwa sababu ya desturi na kwa kukosa nguo ya heshima ya kuingilia majini. Mradi uitwao Panje ukaanza kuwafundisha, wakivaa nguo zinazofunika mwili wote, ili dini isivunjwe na mtoto asizame. Picha za wasichana hao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo kwenye shindano la World Press Photo mwaka 2018. Kilichoanza na kuogelea hakijui kinaishia wapi. Ndugu zetu wa Msumbiji walipeleka wanawake watatu kwenye mashindano ya tanga ya Tokyo: Denise Parruque na Maria Machava kwenye mashua moja, na Deizy Nhaquile kwenye mashua ya peke yake. Deizy akaenda tena Marseille mwaka 2024.

Na tusisahau vya hapa nyumbani. Mwaka huohuo wa 2024, mabinti wa TP Mazembe walichukua ubingwa wa klabu za wanawake wa Afrika. Si zamani sana msichana aliyepiga mpira kwenye avenyu zetu aliitwa ndani kuosha vyombo. Kila mmoja wao kuna mtu aliyemwachia atoke.

Maneno ya ukingoni

Turudi kwenye nyumba iliyonyamaza. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa kuchelewa, na ninayaandika kwa ajili ya mama ambaye zamu yake bado.

Kabla ya siku yenyewe: mwambie mtoto unachokiona wakati kazi inaendelea. "Naona unaamka saa kumi." "Naona hesabu umeishika." Maneno hayo ni akiba. Siku ya mwisho ikienda vibaya, atakuwa na kitu cha kuchukua. Usiahidi sherehe kwenye kikundi kabla ya matokeo, maana hiyo ni kumfunga mtoto jiwe mgongoni akiingia majini.

Siku yenyewe: lala mapema, mpe chakula alichokizoea, mpeleke mpaka mlangoni, nyamaza. Mafunzo ya mlangoni hayaingii. Mtoto akiwa na homa usiku wa kuamkia egzame, mpeleke kituo cha afya usiku uleule, usisubiri asubuhi.

Baada ya matokeo mabaya: siku tatu za kwanza usilinganishe na mtoto wa jirani, usihesabu pesa mbele yake, na usimwache peke yake muda mrefu. Mtoto aliyepata aibu hadharani anaweza kuwaza mambo mazito. Mpe kazi ndogo ndogo karibu nawe, muweke jikoni, muende sokoni pamoja. Toa mabultini kwenye kabati myatazame. Baada ya siku hizo ndipo muongee juu ya kurudia, au juu ya ufundi, au juu ya njia nyingine, kama Charline alivyobadilisha chombo. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na anayejua kama mtoto ameteleza tu au ameanguka ni yule aliyekuwa anamtazama tangu mwanzo.

Binti yangu alirudia mwaka uliofuata. Asubuhi ya siku ya kwanza tulitembea pamoja mpaka santa, vumbi la mwezi wa saba likitupiga usoni. Alisimama mlangoni akaniuliza: "Mama, nikishindwa tena?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Ikapotea. Nikamwambia: "Saa nane utakuta bukari na sombe."

Akacheka, akaingia.

Ya kuzungumza kwenye kikundi wiki hii

1. Ni neno gani mzazi wako alikuambia siku uliposhindwa, na bado unalikumbuka?

2. Kati yetu, nani ana binti anayerudia mwaka huu? Tufanye nini kumsaidia mama yake?

3. Ni watoto wangapi wa kikundi chetu wanajua kuogelea? Nani anamjua mtu mzima wa kuaminika anayeweza kuwafundisha, na sisi tukiwa tumesimama ukingoni?